Ruzuku Iliyoingia Kwenye Simu Yangu

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya kuandikisha wakulima lilikuwa kujaza nafasi iliyotakiwa kubaki wazi. Niliandika namba yangu ya simu mahali pa namba ya mama mmoja wa Kyarumba. Sikuiba kitu, wala sikuwa na nia ya kuiba. Nalisema hilo mapema kwa sababu mpaka leo nina tabia ya kujitetea kabla sijaulizwa.

Serikali ilikuwa imeleta mpango wa ruzuku ya kilimo. Mkulima alilipa sehemu yake ya bei kwa wakala wa pesa za simu, serikali ikaongeza sehemu iliyobaki, kisha namba za siri zikatumwa kwenye simu ya mkulima. Alizipeleka kwenye duka la pembejeo lililoidhinishwa, akapewa mbegu na mbolea. Bila simu hazikuja namba za siri, na bila namba hizo pesa aliyolipa ilikaa mahali ambapo hakuweza kuigusa. Lakini kabla ya yote hayo ilibidi mtu apande mlima na tableti, aandike jina, ukubwa wa shamba, zao na namba ya simu. Upande wa Kyarumba, mtu huyo nilikuwa mimi.

Shule sikumaliza. Baba alipofariki, baba mdogo alinichukua nikaishi kwake Bwera, kwenye duka lake kando ya njia iendayo mpakani. Yeye ni haji, ana lori moja na duka la mbegu, mbolea na majembe. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwenye mashine mbovu iliyokuwa imetupwa stoo. Kiswahili cha kuandika nilijifundisha pia, kwa vitabu vilivyochanika ambavyo watu waliviuza kwa kilo ili wenye maduka wafungie misumari. Aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Nilikagua kila jina nililoandika, nikalikagua tena, kisha asubuhi nikaamka na wasiwasi kwamba nililikagua vibaya.

Nyumba ya mama yule ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo njia inageuka kuwa ngazi za udongo. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya kahawa kichwani walinipisha, mimi niliyebeba tableti tu. Nilimkuta akipalilia maharagwe chini ya mibuni. Alikuwa mjane. Alijibu maswali yangu yote vizuri mpaka nilipofika kwenye simu.

"Sina," alisema.

"Ya mtoto wako?"

"Mutoto iko Kampala. Kila mwezi iko na namba ingine."

"Basi shemeji yako hapo chini. Nimetoka kumwandika sasa hivi, ana simu nzuri."

Alicheka, akaegemea jembe. "Ule? Ule alikula kahawa yangu ikiwa bado kwenye mti. Ukitia namba yake, mupe na mbuzi yangu pale, amalize kazi."

Kwenye tableti kisanduku cha simu kiligeuka chekundu. Tuliambiwa kwamba mtu asiye na simu asiandikwe hadi apate laini yake, turudi siku nyingine. Maelekezo yalikuwa wazi na nilikuwa nimeyanakili kwa mkono. Lakini watu wote niliowaandika siku ile walikuwa wamekamilika, kijani kutoka juu hadi chini, na sasa pale mwisho palikuwa na kisanduku kimoja chekundu. Naona aibu kueleza jinsi jambo dogo kama hilo lilivyonibana kifuani. Nilitaka liondoke.

"Mama, natia namba moja hapa kwanza. Tutabadilisha baadaye."

"Namba ya nani?"

"Yangu."

Alinitazama. "Wewe ni wa duka ya Haji? Ile ya Bwera, ya barabarani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni sawa," alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Sikujiuliza kwa nini duka lilifanya iwe sawa. Kisanduku kiligeuka kijani, nami nikashuka mlima nikiwa na furaha.

Furaha ile ilidumu hadi mkutano wa kufunga kazi. Ofisa wa kilimo, mwanamke mpole mwenye sauti ya kanisani, alitusifu, akanitaja mimi kwa usafi wa kazi. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba mahali pengine kijana mmoja alitia namba zake badala ya namba za wakulima, ruzuku ikaingia kwake, na sasa yuko ndani. Wenzangu walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyoosha mkono. Niliuinua kidogo, nikajikuna nao shingo. Mkutano ulipokwisha, nilikimbilia mezani nibadilishe namba ile, nikakuta tableti zimeshakusanywa na kufungiwa sandukuni.

Nilijipa tumaini baya: labda mama yule hatalipa sehemu yake. Wengi waliandikwa na hawakulipa. Nilimtakia umaskini ili mimi nilale.

Alilipa. Nilikuwa napima mbegu za mahindi kwenye mizani, mteja amesimama mbele yangu, simu ikatetema mfukoni. Ujumbe ulisema malipo yangu yamepokelewa, serikali imeongeza sehemu yake, hizi hapa namba za siri, na baada ya tarehe fulani hazitafanya kazi tena. Malipo yangu. Nilimzidishia mteja mbegu, akaondoka haraka kabla sijagundua.

Nikaanza kujiona jinsi askari angeniona. Kijana anaandika namba yake kwa jina la mjane. Ruzuku ya mjane inaingia kwake. Na duka lililoidhinishwa kutoa mbolea hapa Bwera ni la nani? La baba yake mdogo. Hata mimi ningejifunga.

Kuanzia siku hiyo simu ilinikaa mfukoni kama kaa la moto. Niliizima, nikaogopa kwamba kuizima kutaonekana ni kujificha, nikaiwasha. Niliificha ndani ya gunia la maharagwe, nikaogopa gunia litauzwa, nikaitoa. Chakula kilinikataa. Pikipiki ikisimama nje, nilikimbilia stoo.

Baba mdogo aliona. "Unaumwa?"

Nilimweleza yote tukiwa stoo. Aliendelea kufunga mdomo wa gunia kwa sindano kubwa, hakunitazama.

"Mutu mwingine anajua?"

"Mama mwenyewe tu."

"Leta hizo namba. Natoa mbolea na mbegu, lori inampelekea mpaka Kyarumba, imekwisha."

"Itaonekana zimetoka kwenye simu yangu zikatumika kwenye duka lako, baba mdogo."

"Basi futa."

"Nikizifuta, pesa yake inapotea."

Alikata uzi kwa meno. "Sasa unataka nini? Unataka mbolea iote miguu ipande mlima yenyewe?"

Nilitaka kisanduku chekundu kirudi.

Siku ya soko iliyofuata, mama yule alitokea. Nilimwona kupitia upenyo kati ya magunia: kitambaa cha kichwa cha buluu, kikapu tupu mkononi. Nilichuchumaa papo hapo. Nilikuwa na hakika amekuja kunishtaki, na kwamba nikichungulia vizuri nitaona polisi nyuma yake.

"Haji, salaam. Ule mutoto aliyekuja Kyarumba iko?"

Baba mdogo si mwepisi wa kusema uongo. Alikohoa kwanza. "Ametoka kidogo, mama."

"Mwambie nilifika."

Alirudi siku nyingine ya soko, na nyingine tena. Kila mara nilikuwa kule nyuma, kati ya mbolea na ukuta, harufu inaniunguza pua. Safari moja aliketi kwenye benchi la mbele akala muhindi wa kuchoma punje kwa punje, bila haraka, kama mtu aliyeamua kunisubiri. Koo liliniwasha. Niliziba mdomo kwa kofia yangu mpaka machozi yakanitoka. Alipoondoka, baba mdogo alikuja akasimama juu yangu, akatikisa kichwa, akarudi kwa wateja.

Kisha wakaja watu wa ukaguzi wakiwa na afande mmoja. Walikuwa wanapita kwenye maduka yote yaliyoidhinishwa, kulinganisha mbolea iliyotoka na wakulima waliopewa. Baba mdogo aliwakaribisha soda. Afande hakunywa. Aliingia stoo, akanikuta.

"Wewe kijana. Toa hii, weka kule. Upesi."

Nilihamisha magunia. Alihesabu kwa kidole, alipofika nyuma akakodoa macho gizani.

"Simu yako iko wapi?"

Niliitoa. Mkono ulikuwa unatikisika hivi kwamba sikuweza kubonyeza kitufe.

"Washa tochi," alisema. "Hii stoo yenu ni kama pango."

Niliwasha. Nilimmulikia yale magunia kwa simu ileile yenye ujumbe wa mama, mwanga ukicheza ukutani huku na huku.

"Mbona unatetemeka? Uko na malaria?"

"Ndiyo, afande."

"Meza dawa. Na shika tochi sawasawa."

Walipoondoka niliketi sakafuni. Baba mdogo alikunywa ile soda ya afande, taratibu, mpaka ikaisha.

"Kesho unapanda mlima," alisema. "Yule mama simdanganyi tena. Nimesema umetoka mpaka ulimi umechoka. Hata yeye anaona miguu yako pembeni mwa magunia, basi tu ana adabu."

Tarehe ya mwisho kwenye ujumbe ilikuwa karibu, na mvua ilikuwa imeanza. Nilichukua bodaboda hadi Kyarumba, kutoka hapo nikapanda kwa miguu. Njiani nilifanya mazoezi ya kuomba msamaha, nikisahihisha maneno, nikianza upya kila nilipotumia neno baya. Nilipokaribia, shemeji yake alikuwa ameketi nje ya nyumba yake na wenzake wakimenya mihogo.

"Karibu, benki," aliniambia kwa sauti. "Leo benki imetembea yenyewe."

Wenzake walicheka. Kumbe kilima kizima kilijua. Nilisimama, nikageuka nusu. Ningeshuka, kweli ningeshuka, lakini wote walikuwa wananitazama na sikuwa na uso wa kuwapita tena mara ya pili. Nikaendelea juu.

Mama alikuwa shambani. Mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa mistari, kutoka mibuni hadi ukingo wa mteremko, yote matupu. Kamba ya mbuzi ilikuwa imening'inia kwenye nguzo, mbuzi hayupo. Hapo nilielewa sehemu yake ya bei ilitoka wapi. Nilianza hotuba yangu, nikakwama kwenye neno la kwanza.

Alijifuta mikono kwenye kanga. "Mzigo yangu imefika?"

"Mzigo gani, mama?"

"Wewe ndiye nilikuachia namba. Mzigo ya serikali."

Sikuelewa, naye akaona sielewi, akanieleza polepole kama anavyoelezwa mgeni. Watu wa huku juu mizigo yao haipandi na lori. Inashushwa kwenye duka la barabarani, mwenye duka anaiweka, wao wanateremka siku ya soko wanauliza kama imefika, wanaibeba kichwani. Hakuna karatasi. Mume wake alipokuwa hai, mabati ya nyumba hii yalikaa kwa Haji msimu mzima na hakuna lililopotea. Chumvi yake, sufuria za harusi ya binti yake, vyote vilipitia pale. Niliposema natia namba yangu, na kwamba mimi ni wa duka lile, aliona ameachia mzigo mahali pa kawaida. Kwa hiyo alikuwa anateremka kuuliza.

"Haji anasema umetoka. Nikasema, mutoto huyu anatoka sana. Labda anatafuta bibi wa kuoa."

Jambo hilo nililijua tangu utotoni. Mimi mwenyewe nilishapokea mizigo ya watu pale dukani, nikawaita kwa majina walipopita. Sikuwahi kuliunganisha na kisanduku.

"Nilikuwa ndani, mama," nilisema. "Nyuma ya magunia."

"Siku gani?"

"Kila siku uliyokuja."

Alitazama mashimo yake, kisha akatazama miguu yake iliyojaa matope. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Uliogopa mimi?"

"Nilidhani umekuja na polisi."

"Mimi nilikuja na kikapu," alisema.

Nilimwambia kwamba njia pekee iliyobaki ni kwenda pamoja kwenye ofisi ya kilimo Kasese, yeye na kitambulisho chake, mimi na simu yangu, na kwamba huenda wakanifunga. Aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani. Tulishuka hadi barabara kuu, lori la baba mdogo likatuchukua likiwa na mahindi. Tukakaa mbele na dereva, yeye katikati, kitambulisho kimefungwa kwenye pembe ya kitambaa.

Njiani, pale Kikorongo, kulikuwa na kizuizi cha polisi. Malori yalipangwa, askari wakipita wakigonga milango. Upande wa pili ni nyasi za mbuga ya wanyama, na nyati wako humo, kila mtu anajua. Nililinganisha nyati na askari, na nusura nichague nyati. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Mama alinunua muhindi dirishani, akauvunja, akanipa nusu kubwa. Ilibidi niachie kitasa ili niupokee. Askari alichungulia, akamsalimia mama, akatupungia tupite.

Ofisini nilimkuta ofisa yuleyule mwenye sauti ya kanisani. Na kwenye kiti karibu na mlango alikuwa afande wa stoo.

"Wewe ni ule wa malaria," alisema.

Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Kisanduku chekundu, mkutano, mkono niliojikunia shingo, magunia. Katikati nilikosea mpangilio, nikaanza tena. Ofisa hakuandika kitu mpaka nilipomaliza. Kisha akamgeukia mama.

"Kijana huyu alikuomba kitu chochote?"

"Hajaniomba hata maji."

"Kwa nini ulikubali namba yake?"

Mama alimweleza habari za duka, mabati na chumvi. Ofisa alisikiliza, akatabasamu kwa uchovu. "Mama, serikali si duka la barabarani."

"Naona," mama alijibu. "Duka ya barabarani ingekuwa imenipa mzigo yangu."

Afande alicheka, akajifanya anakohoa.

Walichukua simu yangu, wakaniandikisha maelezo, wakaniweka kwenye korido. Mama alikataa kuondoka. Aliketi kando yangu kwenye sakafu, gauni la kanisani limekunjwa magotini, na kila mlango ulipofunguliwa mimi niliruka, yeye alinishika mkono wa shati. Jua lilikuwa limeanza kushuka ofisa alipotoka na kunirudishia simu. Alisema sitafungwa. Sitaandikisha tena watu kwa mpango ule. Namba za siri zilizokuja kwangu zimefutwa, na nyingine zitatumwa kwenye laini yenye jina la mama mwenyewe. Duka la baba mdogo litasimamishwa kutoa ruzuku hadi watakapomaliza kukagua. Hilo la mwisho sikulitegemea. Nilikuwa nimejiogopea mwenyewe tu.

Tulinunua laini na kisimu cha bei ndogo palepale mjini, mama akabonyeza kidole chake kwenye mashine kwa nguvu kama anayeponda karanga. Namba mpya zilikuja, lakini zilichelewa. Msimu wa kupanda maharagwe ulikuwa umepita, na mvua ilikuwa imefukia mashimo yale yote kwenye mteremko. Mbolea aliitia kwenye kahawa. Mbegu alizitunza juu ya jiko hadi msimu uliofuata. Baba mdogo hakuwahi kunilaumu kwa duka, ila kwa muda mrefu nikimwomba hela ya chai alisema, "Nenda benki."

Siku hizi naandikisha wakulima wa mpunga kule Mubuku, kwa kikundi chao wenyewe. Asiye na simu namwandika hana simu, na nafasi naiacha wazi, ingawa usiku naifikiria. Mama ana laini yake, na simu yake inakaa kwenye kibanda cha kuchaji Kyarumba, ambako anaipitia siku ya soko. Bado nashtuka simu ikitetema. Lakini mtu akija dukani Bwera kuniulizia, natoka.